Nishati Mimea, Bei ya Mafuta na Sera za Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila bei ya mafuta inapopaa, swali lile lile hurudi, bungeni na kwenye kijiwe cha bodaboda: kwa nini tusitengeneze mafuta yetu wenyewe kutokana na miwa, mawese au mbono? Majibu yaliyomo humu yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuelewa soko hili linavyofanya kazi dunia inapoyumba. Jambo moja litajirudia kwa sura mbalimbali: mahitaji ya nishati mimea huzaliwa na sheria, ugavi wake huzaliwa na shamba na mvua, na viwili hivyo havina mwendo mmoja.

Nishati mimea ni kitu gani hasa?

Ni mafuta ya kuendeshea injini au kupikia yanayotokana na mazao au mabaki yake. Katika biashara ya dunia, aina mbili ndizo zenye uzito. Ya kwanza ni ethanoli, yaani spiriti inayopatikana kwa kuchachusha sukari au wanga wa miwa, molasi, mahindi au mihogo na kisha kuukeneka (kuuchemsha na kukusanya mvuke wake), nayo huchanganywa na petroli. Ya pili ni dizeli inayotokana na mafuta ya mimea kama mawese, soya na rapa, au na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, nayo huchanganywa na dizeli ya kawaida. Namba inayoandikwa baada ya herufi ni asilimia ya mchanganyiko: E10 ni petroli yenye ethanoli asilimia 10, na B40 ni dizeli yenye asilimia 40 ya mafuta ya mimea.

Ni vyema kukumbuka tangu mwanzo kwamba lita moja ya ethanoli ina nguvu ya takribani theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Anayelinganisha bei kwa lita bila kulizingatia hilo anajidanganya, na si wananchi peke yao wanaojidanganya hivyo.

Nani anazalisha kwa wingi, na nani anatumia?

Katika ethanoli, Marekani inayotumia mahindi na Brazil inayotumia hasa miwa huzalisha kwa pamoja takribani asilimia 80 ya ethanoli yote duniani. Katika dizeli ya mimea, Indonesia ina nafasi ya pekee kwa sababu ya mawese yake, pamoja na Umoja wa Ulaya, Marekani na Brazil. Ukiweka vyote pamoja, nishati mimea bado ni kama asilimia 4 tu ya nishati yote inayotumika katika usafiri duniani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hutumika katika nchi ile ile yalikozalishwa, na ndiyo maana uamuzi wa wizara moja Jakarta au Brasília hutikisa soko kuliko maelfu ya wanunuzi wa kawaida.

Ikiwa mara nyingi ni ghali kuliko petroli, inanunuliwaje?

Inanunuliwa kwa sababu sheria imeagiza inunuliwe. Marekani ilipitisha mwaka 2005 sheria ya nishati iliyowalazimisha wasafishaji na waagizaji wa mafuta kuchanganya kiasi fulani cha nishati mimea kila mwaka, na mwaka 2007 ikapandisha lengo hadi galoni bilioni 36 ifikapo 2022. Ethanoli ya mahindi iliwekewa kikomo cha galoni bilioni 15, na galoni bilioni 16 zilitarajiwa kutokana na majani, mabua na mabaki ya miti. Hesabu ya mahindi ilitimia. Ile ya mabua haikukaribia kutimia, kwa kuwa teknolojia haikuwahi kuwa nafuu kama wabunge walivyodhani walipokuwa wakipiga kura. Sheria inaweza kumwamuru mnunuzi anunue. Haiwezi kuiamuru bidhaa iwepo.

Hata hivyo si haki kusema kwamba ethanoli hubebwa na sheria peke yake. Ina oktani ya juu (uwezo wa kubanwa ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati), kwa hiyo msafishaji hupenda kuitia kwenye petroli ili injini isigonge, hasa tangu madini ya risasi yalipopigwa marufuku kwenye petroli. Kiasi fulani kingenunuliwa hata bila amri. Ila kiasi hicho ni kidogo mno kuliko uwezo wa viwanda vilivyojengwa.

Mafuta ghafi yakipanda, nishati mimea inakuwa nafuu?

Watu wengi wanadhani hivyo, na kwa wiki chache huwa kweli. Baada ya hapo vitu vitatu hutokea.

Kwanza, mazao yenyewe hufuata bei ya mafuta. Mwenye kiwanda cha sukari nchini Brazil anaweza kuamua wiki hii juisi ya miwa iende zaidi kwenye sukari au zaidi kwenye ethanoli, na atafuata panapolipa. Kwa hiyo petroli ikipanda Rio de Janeiro, sukari huweza kupanda hadi Mombasa bila mmea wowote kukauka. Pili, gharama za shamba hupanda: mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, trekta hunywa dizeli, na lori la kubebea miwa vilevile. Tatu, misukosuko inayopandisha mafuta mara nyingi ndiyo inayopandisha chakula. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, pipa la mafuta ghafi aina ya Brent lilivuka dola 130 mwanzoni mwa Machi, na mwezi huo huo kipimo cha bei ya chakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kikafika kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla yake, kwa sehemu kwa sababu Ukraine ndiyo iliyokuwa muuzaji mkuu wa mafuta ya alizeti duniani. Ni saa ile ile ambayo nchi nyingi zilihitaji mbadala wa petroli, na malighafi ya mbadala huo ilikuwa imeshapanda bei.

Brazil ilifanikiwa vipi, na kwa nini hatusikii kwamba iliwahi kushindwa?

Brazil ilianzisha mpango wake wa taifa wa ethanoli, Proálcool, Novemba 1975, chini ya serikali ya kijeshi ya Ernesto Geisel. Sababu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na watu wake: bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nne tangu vita vya Mashariki ya Kati vya 1973 wakati nchi ikiagiza takribani asilimia 80 ya mafuta yake, na bei ya sukari ilikuwa imeporomoka, wenye mashamba wakitafuta pa kupeleka miwa. Serikali ilitoa mikopo ya riba ndogo, ikahakikisha ununuzi, ikapanga bei ya ethanoli iwe chini ya petroli kwenye pampu. Baada ya mshtuko wa pili wa mafuta wa 1979, magari yanayotumia ethanoli tupu yaliingia sokoni, na katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya robo tatu ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya aina hiyo.

Kisha mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ikaanguka. Ruzuku ikawa mzigo kwa serikali iliyokuwa tayari imelemewa na madeni na mfumuko wa bei, bei waliyolipwa wazalishaji ikakosa maana, na sukari ilipopanda tena viwanda vikageuza mkondo. Mwishoni mwa 1989 na mwaka 1990 wenye magari ya ethanoli walikuta pampu zimekauka. Gari lile halikuweza kutia petroli badala yake. Nchi iliyojisifu kwa kujitegemea ikaanza kuagiza ethanoli na methanoli kutoka nje, na wanunuzi hawakusahau: kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu hakuna gari jipya la ethanoli tupu lililouzwa.

Kilichoirudisha biashara hiyo ni injini. Mwaka 2003 Volkswagen ilitoa Brazil gari aina ya Gol linalokubali petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa viwili hivyo, na watengenezaji wengine wakafuata. Hatari ikahama kutoka kwa mwenye gari. Leo dereva akifika kituoni huona bei mbili ubaoni na kupiga hesabu ya kichwa: ethanoli ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anatia ethanoli, ikizidi, anatia petroli. Petroli yenyewe nayo huwa imechanganywa kwa lazima, na tangu Agosti 2025 kiwango hicho ni asilimia 30. Hili la asilimia 70 linafaa kutazamwa kwa makini na kila mtunga sera, kwa sababu ndani yake kuna soko ambalo mlaji mwenyewe hurekebisha mahitaji kila asubuhi bila kusubiri tangazo la gazeti la serikali.

Dereva anajuaje kwamba kilichochanganywa ndicho kilichoandikwa?

Katika kituo cha Brazil mteja ana haki ya kudai kipimo pale pale. Mhudumu huchukua mrija wa kioo wenye alama hadi mililita 100, akamimina mililita 50 za petroli, kisha mililita 50 za maji yenye chumvi, akaufunga na kuugeuza taratibu mara kadhaa bila kuutikisa kwa nguvu. Ethanoli huiacha petroli na kuyafuata maji. Baada ya dakika chache maji yaliyo chini yameongezeka: kama mpaka umepanda kutoka 50 hadi 63, ongezeko la 13 huzidishwa kwa mbili na kuongezwa moja, jibu ni asilimia 27. Hakuna maabara, hakuna umeme.

Jambo hilo hilo ndilo linaloeleza ugumu wa kuhifadhi. Ethanoli hupenda maji. Tangi la chini ya ardhi linalovuja kidogo wakati wa masika halimsumbui sana muuza petroli tupu, lakini mwenye E10 ataona mchanganyiko umeachana, ethanoli na maji chini, petroli yenye oktani pungufu juu. Pia huyeyusha uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi na kuupeleka kwenye chujio. Magari mengi ya miongo ya karibuni huvumilia E10. Pikipiki na magari ya zamani yenye kabureta na mipira ya kizamani huweza kusumbua.

Je, ni kweli kwamba tunachoma chakula?

Tupime kwa gunia. Tani moja ya mahindi hutoa takribani lita 400 za ethanoli, kwa hiyo gunia la kilo 90 hutoa kama lita 36. Kwa kuwa ethanoli ina nguvu pungufu, lita hizo ni sawa na lita 24 hivi za petroli, ambazo hazijazi tangi la gari dogo. Mtu anayekula nusu kilo ya mahindi kwa siku angelimaliza gunia lile kwa miezi sita. Hesabu hii ni ya kweli, lakini haijakamilika: kama theluthi ya uzito wa mahindi hubaki kama machicha yenye protini ambayo hulishwa ng'ombe na kuku, na mahindi yanayotumiwa Marekani ni ya njano ya mifugo, si yale meupe tunayoyasagisha.

Molasi ni habari nyingine. Hayo ni mabaki ya kiwanda cha sukari, na kuyageuza kuwa ethanoli hakumnyang'anyi mtu ugali. Kwa maoni yangu mjadala wa chakula dhidi ya mafuta huharibika pale watu wanapoyaweka mahindi, mawese na molasi katika kapu moja.

Kilitokea nini Indonesia mwaka 2022?

Indonesia huwatoza wauzaji nje wa mawese tozo, na fedha hizo hulipia tofauti ya bei kati ya dizeli ya mimea na dizeli ya kawaida. Kwa njia hiyo ilipanda kutoka B20 hadi B30 mwaka 2020, B35 mwaka 2023 na B40 mwaka 2025. Faida kwa nchi ni kupunguza dizeli inayoagizwa kwa dola na kuishikilia bei ya mawese isianguke. Upande wa pili ulionekana bei ilipopanda yenyewe: mafuta ya kupikia yakawa adimu katika nchi inayoongoza duniani kwa mawese, watu wakapanga foleni madukani, na tarehe 28 Aprili 2022 serikali ikapiga marufuku kuuza nje mafuta hayo. Matangi ya viwanda yakajaa, viwanda vikaacha kununua matunda ya michikichi, na wakulima wadogo walioona vichane vyao vikioza wakaandamana Jakarta katikati ya Mei. Marufuku iliondolewa tarehe 23 Mei.

Wiki hizo chache zilifika hadi kwetu. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayouzwa Kenya na Tanzania yana mawese ya Asia ya Kusini Mashariki, na mama lishe aliyelalamikia bei ya dumu mwaka ule alikuwa, bila kujua, anashindana na injini ya lori.

Kwa nini serikali hubadili viwango mara kwa mara?

Kwa sababu kiwango cha kuchanganya ndicho kitu pekee katika mnyororo huu kinachoweza kubadilishwa kwa saini. Sweden ilikuwa imewataka wauzaji wa dizeli wapunguze hewa chafu kwa asilimia 30.5 kwa kuchanganya mafuta ya mimea. Wapigakura walipochoshwa na bei za pampu, serikali mpya ikashusha hadi asilimia 6 kuanzia Januari 2024. India ilisogeza lengo lake la ethanoli asilimia 20 kutoka 2030 hadi 2025 na viwanda vikakopa na kujenga. Desemba 2023, mvua zilipokuwa haba na sukari ikitishia kupanda kabla ya uchaguzi, ikazuia ghafla juisi ya miwa kutumika kwa ethanoli, siku chache baadaye ikalegeza, na mwaka uliofuata ikaondoa zuio. Lengo la asilimia 20 lilifikiwa, ila kwa msaada mkubwa wa mahindi, kiasi kwamba nchi iliyozoea kuuza mahindi nje ikaanza kuyaagiza.

Kwa mwanasiasa kila uamuzi kati ya hayo ulikuwa na mantiki siku ulipotolewa. Kwa aliyekopa fedha za kujenga kiwanda kinachohitaji miaka 15 kurudisha mtaji, au aliyepanda michikichi itakayoanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ni kama kujenga nyumba juu ya mchanga wa pwani. Misukosuko huja pia kwa upande wa pili: Aprili 2020, watu walipojifungia ndani kwa Uviko, uzalishaji wa ethanoli Marekani ulishuka kwa karibu nusu ndani ya wiki chache, na viwanda vingine vikaokolewa kwa kutengeneza vitakasa mikono.

Afrika Mashariki iliwahi kujaribu?

Ndiyo, zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kenya ilichanganya ethanoli ya molasi kutoka kiwanda cha Muhoroni na petroli kuanzia 1983, na ikaacha mwaka 1993 kwa kuwa bei iliyopangwa haikumlipa mzalishaji, naye alikuwa na wanunuzi wengine wa spiriti yake. Jirani wa Tanzania upande wa kusini, Malawi, alianza mwaka 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa kando ya ziwa na hajaacha tangu hapo. Kilichomsaidia ni jiografia: nchi isiyo na bandari hulipia kila lita ya petroli safari ndefu ya barabara, kwa hiyo ethanoli ya nyumbani huanza mbio ikiwa mbele. Hata hivyo Malawi imeendelea kukumbwa na foleni za mafuta kila dola zinapokosekana, kwa kuwa anayechanganya asilimia 10 au 20 bado anahitaji kununua zile 80 au 90.

Mashamba ya mbono ya Kilwa na Kisarawe yaliishia wapi?

Kwanza jina. Mtu akisema mbono huweza kumaanisha mbarika, ambao mbegu zake hutoa mafuta ya nyonyo, au mbono kaburi, ule mmea wa ua unaopandwa kuzunguka makaburi kwa sababu mifugo hawauli. Uliovuma miaka ya 2000 ni huu wa pili. Ilihubiriwa kwamba unamea ardhi kavu, hauhitaji mbolea, haushindani na chakula. Kumea unamea. Kuzaa ni jambo lingine: mmea uliopandwa kwenye udongo dhaifu bila maji ulitoa mbegu chache mno kuliko hesabu za kwenye karatasi, na mbegu hizo haziivi kwa pamoja, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mti ule ule mara nyingi. Tena mashudu yake ni sumu, hayawezi kulishwa ng'ombe kama ya alizeti au pamba, na hivyo sehemu ya thamani ambayo wakamuaji wengine huitegemea haipo.

Tanzania iliunda kikosi kazi cha taifa cha nishati mimea mwaka 2006. Bei ya pipa ilipokuwa ikikimbilia dola 147 ya Julai 2008, wawekezaji walikuja kwa wingi. Kampuni ya Kiholanzi, Bioshape, ilipata takribani hekta 34,000 Kilwa. Ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. Kufikia Desemba 2008 pipa lilikuwa chini ya dola 40 na mabenki ya Ulaya yalikuwa yakijiokoa yenyewe. Bioshape ilifilisika mwaka 2010, na shughuli za Kisarawe zilisimama 2011, vibarua wakiachishwa kazi na huduma za jamii zilizoahidiwa zikiwa hazijakamilika. Mwongozo wa serikali wa nishati mimea ulitolewa mwaka 2010, yaani baada ya mashamba kugawiwa.

Jambo linalopaswa kueleweka vizuri ni la ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji haikodishwi moja kwa moja kwa mwekezaji wa nje; kwanza huhamishwa kuwa ardhi ya jumla, kisha mwekezaji hupewa haki ya kuitumia. Kampuni ikianguka, ardhi hairudi kijijini yenyewe, kwa kuwa kisheria imeshaacha kuwa ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ulionyoosha mikono kukubali mradi haukuwa ukipangisha kwa muda, ulikuwa ukiaga. Katika mazungumzo mengi ya wakati ule neno lililotumika lilikuwa "kukopesha", na pengine hakuna neno lililowagharimu watu zaidi.

Tanzania au Kenya ikitaka E10 leo, malighafi inatosha?

Kiwanda cha sukari kinachozalisha tani 100,000 za sukari kwa mwaka hubaki na molasi kama tani 35,000. Tani moja ya molasi hutoa takribani lita 250 za ethanoli, kwa hiyo kiwanda hicho kingetoa lita milioni 8 hadi 9, zinazotosha kuchanganya lita milioni 80 hadi 90 za E10. Si haba, ila ni sehemu ndogo ya soko la petroli la nchi nzima, na molasi hiyo haijakaa ikisubiri. Wafugaji huichanganya na lishe, na watengenezaji wa vinywaji vikali hulipa vizuri. Spiriti ya vinywaji huwa na nguvu ya asilimia 96; ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe ipite asilimia 99, na mtambo wa kukausha ni gharama nyingine. Mlango wa tatu ni jiko: mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi, unaitaja ethanoli pia. Binafsi ningeanzia jikoni kabla ya tangi la gari, maana ethanoli ya kupikia haihitaji kukaushwa kiasi hicho, na inachukua nafasi ya mkaa, si ya petroli pekee.

Na kodi je?

Hapa ndipo mipango mingi hukwama kimyakimya. Kila lita ya petroli hubeba tozo ya barabara. Serikali ikiisamehe ethanoli ili iwe nafuu, mfuko wa barabara unapungukiwa. Isipoisamehe, mchanganyiko unakuwa ghali na lawama zinaiangukia mamlaka inayopanga bei kikomo. Wakati wa misukosuko ushindani huo wa fedha huwa mkali zaidi. Kuanzia Juni 2022 Tanzania ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei ya mafuta, na Kenya mwaka 2023 iliingia makubaliano na kampuni za mafuta za Ghuba ili ilipe kwa mkopo wa miezi sita na kupumzisha soko la dola. Hatua zote mbili zilifanya kazi kwa haraka ambayo shamba la miwa haliwezi kuifikia. Zote mbili pia ziliacha utegemezi palepale, kwa meli zinazotoka eneo ambalo mlango wake wa bahari wa Hormuz hupitisha kama sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani.

Magari ya umeme hayataifuta biashara hii yote?

Kwa magari madogo, huenda polepole. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, na bodaboda za umeme zinaongezeka Nairobi na Kigali. Ndege hazina njia rahisi hiyo. Umoja wa Ulaya umewaagiza wauzaji wa mafuta ya ndege kuchanganya asilimia 2 ya mafuta endelevu kuanzia 2025, asilimia 6 ifikapo 2030 na asilimia 70 ifikapo 2050, nayo mafuta ya mazao ya chakula hayahesabiwi. Ndiyo maana mafuta yaliyokwisha kukaangia yamegeuka mali, hata kuzuka shaka kwamba mawese mapya huuzwa kama yaliyotumika.

Mbegu za mbarika zinazonunuliwa Makueni zinakwenda wapi?

Zinakwenda huko huko Ulaya. Kampuni ya Kiitaliano ya Eni ilifungua mwaka 2022 kituo cha kukamua mbegu za mbarika, pamba na nyinginezo katika kaunti ya Makueni, na kabla mwaka haujaisha shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya mimea ilikuwa imesafirishwa hadi kwenye kiwanda cha Gela, Sicily. Tofauti na enzi ya mbono kaburi ni kwamba mkulima anabaki na shamba lake na kuuza mbegu tu. Mfanano ni kwamba bei ya mbegu ile inategemea amri iliyoandikwa Brussels, ambako mkulima wa Makueni hana mbunge. Anayefikiria kuingia asome kwanza mkataba unasema nini kuhusu bei ya chini, nani anabeba hasara mvua isiponyesha, na kama anaruhusiwa kumuuzia mnunuzi mwingine. Kisha, kama wafanyavyo wenye busara huko Ukambani, apande mbarika mpakani mwa shamba na kunde katikati.